Sweta isiyo na mikono: kisa cha kazi iliyoachwa sindanoni

Mfuko ulipofunguliwa mezani kwangu, vilivyotoka ni hivi: mgongo wa sweta uliokwisha, kifua kilichoishia juu kidogo ya kwapa, bado kiko sindanoni, madonge matatu ya uzi wa sufu wa kijivu ambayo hayajaguswa, na la nne lililoliwa zaidi ya nusu, na kipande cha karatasi chenye tarakimu za penseli, 6-2-2-1-1-1, bila neno lolote la maelezo. Mikono haikuwemo. Ilikuwa haijaanzwa.

Mwenye kuifuma alikuwa amefariki miezi 14 kabla. Sweta ilikuwa ya mumewe. Mfuko uliletwa na binti yao, na nyuma yake akaingia kaka yake mkubwa, ambaye tangu mlangoni alionekana amekuja kuhakikisha hakuna kitakachoguswa.

Kazi yangu ni kutengeneza nguo zilizofumwa kwa mkono: viwiko vilivyotoboka, kola zilizolegea, matundu ya nondo. Kazi za marehemu huja mara nyingi kuliko mtu anavyodhani, na karibu zote huja na swali moja: unaweza kuimalizia? Kiufundi jibu huwa ndiyo. Nimeamua kukiandika kisa hiki kwa sababu hapa jibu hilo halikusaidia kitu, na kwa sababu mimi mwenyewe nilianza vibaya.

Walichokuwa wakibishania

Binti alitaka sweta imalizwe, baba aivae. Kaka alitaka ibaki ilivyo. "Hii ndiyo kazi yake ya mwisho iliyo yake peke yake," alisema. "Tukiingiza mkono mwingine haitakuwa yake tena." Muda si mrefu akasema jambo jingine: ikiwa ni lazima imalizwe, basi imalizwe kwa namna ambayo hakuna atakayejua mama aliishia wapi. Maneno mawili yanayopingana, ungesema. Mimi niliyasikia kama hofu moja. Hakutaka kuuona mpaka.

Sikumpuuza. Kuiacha kazi ilivyo ni uamuzi kamili, si uvivu wala woga. Vitanzi vikihamishwa kutoka kwenye chuma kwenda kwenye uzi wa pamba, kipande kikakunjwa bila kubanwa, kikawekwa mbali na jua na nondo, kitadumu miaka mingi na kitasema kweli tupu: hapa ndipo alipofika. Njia ya tatu, ya kuugeuza mgongo kuwa foronya ya mto, niliitaja mara moja tu. Binti alinitazama mpaka nikaona aibu. Mtu alipimwa sweta, hakupimwa mto.

Nami nikatoa mizani na rula, nikaanza kupima. Hilo ndilo lilikuwa kosa langu. Nilikuwa na mwenye kutaka na mwenye kukataa mbele yangu, nikadhani kazi yangu ni kuwapatanisha kwa hesabu. Swali la kwanza lilikuwa jepesi zaidi na hakuna kati yetu watatu aliyeliuliza: mwenye sweta anasemaje? Baba yupo hai. Watoto walikuwa wakimkinga. Walikuwa wameuficha mfuko juu ya kabati ili asiuone akaumia. Binti alipomuuliza usiku ule, mzee alijibu, "Nilidhani mmeitupa."

Baada ya hapo mabishano hayakwisha, ila yalibadilika sura. Kabla ya jibu lile tulikuwa tunajadili kumbukumbu. Sasa tulikuwa na mtu aliyesimama akapimwa mabega, akaambiwa atavaa, na akawa anasubiri. Kumbukumbu inaweza kuachwa nusu. Nguo ya mtu anayeisubiri, sijui.

Mwandiko wa mfumaji

Mwandiko wa mfumaji uko katika mambo matatu: anavyobana uzi, anavyouzungusha sindanoni, na anavyohesabu.

La kwanza hupimwa kwa rula. Kwenye sehemu tambarare ya mgongo, sentimita 10 zilibeba vitanzi 22 kwa upana na mistari 30 kwa urefu. Vitanzi 120 alivyoanza navyo vingetoa upana wa sentimita 54.5, rula ilisoma 52, kwa kuwa misuko miwili, yaani vitanzi vinavyopishana kama nywele zilizosukwa, inayopanda mbele na nyuma huvuta kitambaa ndani. Kisha nikajaribu mkono wangu kwenye uzi uleule na sindano zilezile za milimita 4. Nilipata vitanzi 20 na nusu. Kitanzi kimoja na nusu si kitu machoni, lakini kwa vitanzi 120 kipande kinazidi sentimita 4, na kifua ambacho nusu yake ya chini ni ya mtu mmoja na nusu ya juu ni ya mwingine kingefunguka kama mdomo wa gunia. Binti alipojaribu alipata 24. Alikuwa anabana kama mtu aliyeshika kamba ya ndoo juu ya kisima kirefu.

Hili huwatisha watu kuliko inavyostahili. Mkono haubadilishwi, hubadilishwa sindano. Mimi ningeshuka hadi milimita 3.75, binti angepanda hadi 4.5, na wote tungefika kwenye 22, au karibu nayo.

La pili ndilo lililonisimamisha. Kitanzi kikikaa sindanoni kina miguu miwili, mmoja mbele ya sindano na mmoja nyuma. Kwa wafumaji wengi, mguu wa kulia ndio unaokaa mbele. Mama huyu alikuwa ameacha katikati ya mstari: vitanzi 41 vimeshafumwa viko kwenye sindano ya kulia, 56 vinasubiri kwenye ya kushoto. Vile 56 vyote vilikuwa vimegeuka, mguu wa kulia uko nyuma. Wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba vilichomoka, mtu akavirudisha bila kujua. Nikatazama vile 41. Vimekaa sawasawa. Basi haikuwa ajali. Alipofuma mistari ya upande wa nyuma aliuzungusha uzi kwa njia ya mkato, ile fupi, na vitanzi vikageuka. Alipofuma upande wa mbele aliviingia kupitia mguu wa nyuma, vikanyooka. Kitambaa hutoka laini kabisa, hakuna anayeweza kukisema. Lakini mgeni asiyeliona hilo ataviingia kwa mbele kama alivyozoea, kila kitanzi kitasokoteka shingoni, na mstari mzima wa vitanzi vilivyopishana miguu utakatiza kifuani pale pale mama alipoishia. Ule mpaka ambao kaka hakutaka kuuona ungekuwa umechorwa kwa kalamu nene.

Nikamwambia binti, "Usijali, tutavigeuza kimoja kimoja."

"Kwa nini?" akauliza. "Ndivyo vinavyokaa."

Nikamwomba anifumie mistari michache nikitazama vidole. Alizungusha kwa njia ya mkato. Aliingia kwa nyuma. Alikuwa amejifunza utotoni akiwa ameketi ubavuni mwa mama, akitazama, na baadaye watu walipomwambia anafuma makosa aliamini kwamba kosa ni lake.

Mpaka hapo nilikuwa nimepanga kuimaliza mimi, na sababu zangu zilikuwa za haki. Mkono wa mgeni hautetemeki. Mgeni hafikirii kitanda cha mgonjwa kila anapoanza mstari. Kuna watu walioijenga hoja hiyo ikawa kazi kubwa: mwaka 2022 huko Marekani, Masey Kaplan na Jennifer Simonic walianzisha mradi uitwao Loose Ends, unaounganisha familia zilizoachiwa kazi za mkono na wafumaji wa kujitolea wasiowajua, ili kazi zikamilike na zirudi nyumbani. Nauheshimu mpango huo, na kama binti asingejua kufuma ningemshauri jambo la namna hiyo bila kusita. Lakini hapa mkono wa marehemu, kwa kipimo cha miguu ya vitanzi, ulikuwa umekaa mbele yangu ukinywa maji. Nikazisukuma sindano upande wake.

La tatu ni hesabu, na hapo ndipo ile karatasi iliposomeka. Nikahesabu mgongo kuanzia kwapani: amefunga vitanzi 6, yaani amevimaliza na kuvitoa sindanoni ili kipande kipungue, kisha 2, kisha 2, kisha 1, 1, 1. Jumla ni 13 kila upande, 26 pande zote mbili. 120 vikawa 94. Kwenye kifua, pamoja na kimoja kilichoponyoka ambacho nitakieleza, vilikuwepo 98, maana yake alikuwa ameshafunga 6-2-2-1 na amebakiza kile 1 mara mbili. Shingo haikuandikwa popote, wala mikono. Hakuhitaji kuandika, vilikuwa kichwani. Mgongo ulituambia kwamba kila bega lina vitanzi 28 na shingo 38, kwa hiyo kifua nacho lazima kiishie na 28 na 28. Kina cha shingo na urefu wa mikono tulivipata kwenye sweta kuukuu ya mzee, ambayo mama alimfumia zamani na viwiko vyake vilishatiwa viraka. Shingo ya mbele inaanza sentimita 7 chini ya bega, mkono una sentimita 47 kutoka kwapani hadi kifundoni. Karatasi ikikosekana, soma nguo nyingine ya mfumaji yuleyule.

Kulikuwa na jambo moja ambalo nguo kuukuu haikuweza kusema. Mzee alikuwa amepungua. Binti akamuuliza kama tupunguze upana kwenye mishono ya ubavuni. "Alinipima yeye," mzee akasema, na hakuongeza neno. Mimi ningepunguza, angalau mikono. Sikusema.

Mistari tisa ya mwisho

Sasa nifike kwenye sehemu ambayo ningependa wafumaji wenzangu waisome polepole.

Misuko ya sweta hii hupishana kila mstari wa 8. Mgongo mzima haukosei. Kifua nacho hakikosei, mpaka upishano wa mwisho, uliokuja baada ya mistari 11. Kuanzia hapo vitanzi vinalegea. Kipimo kinashuka kutoka 22 hadi kama 20. Na ndani ya mistari hiyo 9 ya juu kabisa kuna kitanzi kimoja kilichoponyoka sindanoni bila yeye kujua, kikashuka mistari minne, kikaacha ngazi ndogo ya nyuzi zilizolala.

Binti alijua sababu. Mistari ile ilifumwa kitandani, vidole vimevimba, akisinzia na kuamka.

Kaka alitaka ifumuliwe. Kwake ilikuwa heshima: watu wasimkumbuke mama kwa kosa. "Hapo hakuwa yeye," alisema.

"Alikuwa yeye, akiumwa," dada yake akamjibu.

Niliombwa kuamua, nami sina mamlaka juu ya mama wa mtu. Nilichoweza kutoa ni kipimo ninachotumia kwenye nguo yoyote ya zamani: kuna kosa lililokaa na kosa linalotembea. Msuko uliopishana kwenye mstari wa 11 badala ya wa 8 umekaa. Utakuwa hivyo hivyo baada ya miaka 20, hautamdhuru mtu, na jicho lisilohesabu halitauona. Vitanzi vilivyolegea vimekaa. Maji yatavituliza kiasi. Lakini kitanzi kilichoponyoka kinatembea. Kila nguo inapovutwa kitashuka mstari mwingine, na siku moja kitafika kwenye mpindo wa chini kikiwa kimeacha mpasuko. Hicho lazima kirudishwe, na kukirudisha si kufumua. Unashika kitanzi kwa sindano ya kulabu, unapitisha uzi wa kwanza uliolala ndani yake, kisha wa pili, wa tatu, wa nne. Uzi ni uleule aliouweka yeye. Hakuna kinachoongezwa.

Kaka akasema kifanywe yeye akiwa ametazama. Kilichukua dakika mbili tatu. Alipoona kitanzi kimepanda hadi juu na hakuna mkasi ulioonekana mezani, mabega yake yalishuka. "Nilidhani mtakata," akasema. Nadhani ndicho alichokuwa akikihofia tangu mlangoni, na ningemweleza mapema tungeokoa siku nzima.

Mistari 9 haikufumuliwa. Binti alianza kuhesabu upya 8 kutoka kwenye ule upishano wa 11. Kwanza nilimfundisha msuko kwenye kipande cha majaribio, kwa sababu mama hakuwahi kumfikisha kwenye misuko. Kisha akakamata uzi uleule uliokuwa ukining'inia kati ya kitanzi cha 41 na cha 42, bila fundo, bila kiungo, akaumaliza mstari.

Uzi hautoshi

Mizani ilikuwa na habari mbaya. Mgongo ulikuwa na uzito wa gramu 168. Kwa kulinganisha eneo, kifua kilihitaji gramu 38 zaidi, kola 12, na kila mkono kama 96. Jumla 242. Tulikuwa na 172.

Karatasi za madonge zilionyesha jina la rangi na namba ya mkupuo. Watu wengi husoma jina tu. Kiwanda hutia rangi kwa mikupuo, na mikupuo miwili ya rangi yenye jina moja hutofautiana kidogo; chini ya taa huoni, nje kwenye mwanga wa mchana unaona mpaka kana kwamba mtu amekunja nguo. Ndiyo maana mfumaji hununua uzi wote kwa siku moja. Mama bila shaka alikuwa na mpango wake kuhusu zile gramu 70 zilizopungua, au alikosea hesabu. Uzi wa aina ile ulikuwa umeshaacha kutengenezwa.

Kaka alipendekeza tutafute kijivu kinachokaribia, tufume mistari miwili ya zamani na miwili ya mpya kwa zamu, macho yadanganyike. Mbinu hiyo ipo na hufaa sana pale tofauti ikiwa ndogo. Tofauti ikiwa dhahiri, hutoa mkono wenye milia ambayo hakuna aliyeikusudia. Rangi inayokaribia ndiyo mbaya kuliko zote: huonekana kama kosa. Rangi iliyo mbali huonekana kama uamuzi.

Nikamsimulia jambo la warejeshaji wa michoro. Huko Rome ilianzishwa taasisi ya urejeshaji mwaka 1939, na mkurugenzi wake wa kwanza, Cesare Brandi, alisimamia namna ya kujaza sehemu ya mchoro iliyopotea kwa mistari myembamba ya wima ya rangi ya maji. Ukisimama mbali, jicho linaunganisha picha yote. Ukisogea, unaona mistari na unajua: hapa si mkono wa mchoraji wa kwanza. Wanaiita tratteggio. Nyongeza inatuliza macho, lakini haimdanganyi anayesogea.

Kaka alisikiliza, kisha akauliza swali zuri kuliko yote ya wiki ile: "Kwenye sweta, mbali ni wapi?"

Nilifikiri kabla ya kujibu. Kwenye kifua, mbali ni mtu wa upande wa pili wa meza. Yeye ataona kijivu kimoja mfululizo. Aliye karibu ni anayeivaa na anayeifua, na hao watauona mkono wa binti ukianzia kwenye kitanzi cha 42, umebana kidogo zaidi licha ya sindano kubwa. Hapo kanuni ya Rome ilitutosha. Kwenye mikono haikutosha, kwa sababu kijivu chenyewe hakikuwepo. Hapo kilichobaki ni kusema wazi.

Basi tukaamua mikono ifumwe kutoka juu kwenda chini. Kwa kawaida mkono wa sweta huanzia kifundoni na kushonewa begani mwishoni. Tukigeuza, tukaokota vitanzi kuzunguka tundu la mkono baada ya kushona mabega, kijivu kinatembea hadi kinapoishia, hatuhitaji kubahatisha. Misuko isingekubali kugeuzwa kichwa chini bila kuonekana, lakini mikono ya mama ilikuwa tambarare kwenye sweta kuukuu, na tambarare hukubali.

Hesabu yangu ilisema kijivu kingefika chini kidogo ya kiwiko. Kiliishia sentimita 18 kutoka kwapani, juu ya kiwiko. Nilikuwa nimepima madonge kabla ya kufuma vile vipande vya majaribio, changu na cha binti, na nikasahau kutoa gramu 14 zilizokwenda humo. Vingeweza kufumuliwa. Binti alikataa kufumua chochote kilichokwisha kufumwa kwa uzi ule, hata changu kilichokuwa kimelegea. Sikubishana, kosa lilikuwa langu.

Sehemu iliyobaki ilitoka kwenye kikapu cha mabaki ya mama. Palikuwa na gramu 110 za uzi wa rangi ya damu ya mzee, unene uleule: nilizungusha nyuzi zote mbili kwenye penseli na vizunguko vikalingana. Kaka ndiye aliyeuchomoa kikapuni. Ana skafu ya uzi huo. Hakusema kitu kuhusu milia tena.

Maji

Kuna mambo mawili ya usafi, moja rahisi na moja gumu.

Rahisi ni nondo. Mdudu mpevu hali nguo; anayekula ni buu lake, kwenye sufu, manyoya na nywele. Kabla sijaruhusu mfuko ule ukae karibu na nguo za wengine ulikaa wiki mbili kwenye friza ya nyuzi joto -18, ukiwa umefungwa kwenye plastiki, na baada ya kutolewa haukufunguliwa mpaka ulipozoea joto la chumba, ili unyevu usitue kwenye uzi.

Gumu ni kufua. Sweta iliyofumwa na mikono miwili inahitaji maji kuliko nyingine yoyote. Vitanzi vilivyokaa kwenye chuma miezi 14 vilikuwa vimevutika na kuacha mstari unaoonekana, na kati ya mistari iliyolegea ya mama na iliyobana ya binti palikuwa na kama ngazi ndogo. Sufu ikilowa hulegea na kujipanga upya. Mara nyingi maji humaliza theluthi mbili za ugomvi wa mikono miwili. Maji yawe vuguvugu, chini ya nyuzi 30, bila kusugua wala kukamua: unywele wa sufu una magamba, na joto likichanganyika na msuguano magamba hung'ang'aniana, nguo hujikunja na hairudi. Unaikandamiza kwenye taulo, unailaza tambarare kwa vipimo vyake. Ukiianika kwenye kamba, uzito wa maji utairefusha mikono mpaka magotini. Ule uzi wa damu ya mzee niliujaribu kwanza kwa kitambaa cheupe kilicholowa, ulichuja. Tulisuuza madonge peke yake mpaka maji yakatoka meupe, kabla hata ya kuyagusisha na kijivu.

Lakini nguo ilikaa wiki tatu imekamilika na haijafuliwa. Binti alikuja mara mbili na kuondoka. Mgongo na sehemu ya chini ya kifua vilikuwa bado vina harufu ya kabati la mama, ya mafuta aliyokuwa akijipaka, na kila kitu nilichokuwa nimemshauri kuhusu magamba na nyuzi joto hakikuhusiana na hilo. Hapa fundi hana la kusema. Mwishowe alikata mita chache kutoka kwenye ncha ya kijivu iliyobaki, akaziviringisha, akazifungia kwenye mkebe wenye kifuniko kinachobana. Nilimwambia kweli, kwamba hata humo harufu itafifia. Akasema anajua. Akaiweka sweta majini mwenyewe, akaishikilia chini ya maji kwa viganja viwili kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Ndani ya kifua, kati ya kitanzi cha 41 na cha 42, alifunga kifundo kimoja cha uzi wa damu ya mzee. Kwa nje hakionekani. Kaka aliuliza ni cha nini, akaonyeshwa, akapitisha kidole gumba juu yake mara mbili.

Mzee aliivaa siku waliyokuja kuichukua. Ilimpwaya kifuani, kama tulivyojua. Kaka, ambaye sasa ndiye mkaguzi, alichukua rula yangu bila kuomba na kuupima mkono wa kushoto, kisha wa kulia. Wa kulia umezidi nusu sentimita. Binti alifuma wa kushoto kwanza, amebana, na alipofika wa pili vidole vilikuwa vimezoea. Kaka akamtazama baba yake, akitaka kujua kama urudishwe sindanoni.

"Na mkono wangu wa kulia ndio mrefu," mzee akasema, akajikunjia mipindo yote miwili.